Jedwali lililoondolewa: kisa cha tathmini huru ya kusoma na kuhesabu katika kata tatu za Tabora

Kisa hiki kilitokea katika wilaya mojawapo ya tumbaku mkoani Tabora. Majina ya wilaya, kata, vijiji, shule na shirika yameondolewa, na mwaka hautajwi. Asilimia za matokeo nazo zimeachwa, kwa sababu ripoti ilisambazwa, na mtu mwenye tarakimu hizo angeitambua wilaya kwa urahisi. Kilichobaki ni namna kazi ilivyopangwa, ilivyokwenda, ilivyopingwa na ilivyorekebishwa. Wanaoandaa upimaji wa aina hii wanahitaji hayo zaidi kuliko asilimia.

## Usuli

Kata hizo tatu zina vijiji 12, na kila kijiji kina shule ya msingi ya serikali. Makazi yametawanyika. Kuna vitongoji vilivyo mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka shuleni, na familia nyingi zina nyumba mbili: ya kijijini, na kibanda cha shambani porini, karibu na bani la kukaushia tumbaku. Kitalu huanza Septemba, miche hupandwa mvua zinapoanza Novemba na Desemba, kisha kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili ni kuchuma na kukausha. Bani halilali. Moto unatakiwa uangaliwe usiku na mchana, na kazi hiyo hugusa kila aliyemo nyumbani, watoto wakiwemo. Baadaye hufuata kupanga majani kwa madaraja na kupeleka kwenye masoko ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima vinavyouza mazao.

Watoto wengi husema Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani na hukutana na Kiswahili cha kusomea shuleni. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili lilianza kufuata mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na kuna upimaji wake katika darasa la pili. Matokeo ya kata hizi katika upimaji huo yalikuwa mazuri. Hata hivyo, kwenye mikutano ya vijiji wazazi walirudia malalamiko yale yale: mtoto yuko darasa la nne na hawezi kusoma karatasi ya mizani ya tumbaku.

Kauli zote mbili zingeweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Upimaji wa shuleni humpima aliyekuja siku hiyo, akiwa na mwalimu wake, kwa kazi aliyoizoea. Mzazi anamzungumzia mtoto aliye nyumbani, na huenda mtoto huyo ndiye hakuja siku ya upimaji. Shirika dogo la kiraia la wilayani, lililokuwa limefanya kazi na kamati za shule kwa miaka kadhaa, liliamua kupima lenyewe.

## Mpango ulivyokuwa

Shirika lilichagua kupima nyumbani, nje ya shule. Njia hiyo ilianzishwa India mwaka 2005 na shirika la Pratham kwa jina la ASER, ikaingia Afrika Mashariki kama Uwezo, ambao Tanzania ulifanya upimaji wake wa kwanza mwaka 2010. Msingi wake ni mwepesi: unachagua kaya kwa bahati nasibu, unampima kila mtoto wa umri wa shule anayeishi humo, awe anasoma, ameacha au hajawahi kuandikishwa, na unatumia kazi za kiwango cha darasa la pili kwa watoto wote.

Mkoa wa Tabora umewahi kupimwa kwa njia nyingine pia. Tathmini huru ya EQUIP-Tanzania, programu ya kuboresha elimu ya msingi, iliyofanywa 2014, 2016 na 2018, ilipima wanafunzi shuleni. Swali lake lilikuwa kama programu imebadilisha shule, na kwa swali hilo shule ndiyo mahali pa kupimia. Anayetaka kujua kama watoto wa kijiji wanajua kusoma hawezi kuanzia kwenye rejesta. Ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa idadi ya walioandikishwa, na mwalimu mkuu hafuti jina la mtoto aliyehamia shambani bila barua ya uhamisho. Rejesta hubaki na majina ya wasiokuwepo, na haina kabisa majina ya wasioandikishwa.

Sampuli ilikuwa kaya 20 kwa kila kijiji, jumla 240. Orodha ya kaya ilichukuliwa kwa wenyeviti wa vitongoji, ikaunganishwa na kupewa namba mfululizo. Kijiji chenye kaya 340, kwa mfano, kinagawanywa kwa 20 na kutoa hatua ya 17. Namba ya kuanzia, kati ya 1 na 17, iliokotwa kwenye kofia mbele ya mtendaji wa kijiji, kisha ikachukuliwa kila kaya ya kumi na saba. Katika kila kaya walipimwa watoto wote wa miaka 7 hadi 16.

Zana ya kusoma ilikuwa na ngazi nne: silabi, maneno, aya na hadithi fupi yenye maswali mawili ya uelewa. Mtoto huanzishwa kwenye aya. Akiisoma kwa mtiririko, bila kukosea zaidi ya mara tatu, anapewa hadithi. Akishindwa anashushwa kwenye maneno, ambako huchagua matano na anatakiwa kupata manne. Akishindwa tena, silabi, kwa kanuni hiyo hiyo. Anaandikwa ngazi ya juu kabisa aliyoifikia. Hesabu ilipanda kutoka kutambua namba hadi kulinganisha, kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Mtoto mmoja huchukua dakika 10 hadi 15.

Wapimaji walikuwa 24, wawili kwa kila kijiji, wengi wao vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita. Nusu walitoka kata hizo hizo, nusu mjini. Mafunzo yalikuwa siku tatu, ya tatu ikiwa majaribio katika kijiji kisichokuwemo kwenye sampuli. Matokeo yalijazwa kwenye karatasi, si kwenye vishikwambi, kwa sababu ya chaji. Fomu zilibeba namba ya kaya na ya mtoto tu, na majina yalibaki kwenye daftari tofauti lililokaa kwa msimamizi. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kabla hata ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotaka taarifa za watu zilindwe.

## Mambo yalivyokwenda

Kibali na tarehe. Barua ya kuomba kibali ilipelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri mwezi Novemba, nakala kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Mpango ulikuwa kupima katikati ya Januari. Barua ilirudi ikitaka zana ziambatanishwe, zikaambatanishwa, na kibali kikatoka mwishoni mwa Februari. Kuanzia hapo kulikuwa na njia mbili: kwenda Machi, au kusubiri Julai. Fedha za mfadhili zilikuwa na mwisho wake Mei. Viongozi wa shirika wakaamua Machi. Wapimaji waliochaguliwa kutoka kata hizo walisema wazi kwamba Machi watu wako mabanini, na kauli yao imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Haikujibiwa kwa hoja ya kitaalamu, ilijibiwa kwa tarehe ya mkataba.

Nyumba zilizofungwa. Karibu kaya moja kati ya nne ilikutwa imefungwa au ina bibi peke yake. Mwongozo wa wapimaji ulikuwa na sentensi moja tu juu ya hali hiyo: "Kaya isipopatikana, chukua ya jirani." Haukusema jirani yupi, wala mara ngapi kurudi kabla ya kubadilisha. Wapimaji wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya kwenye jua la saa nane mchana: wakaingia nyumba ya karibu yenye moshi jikoni. Mara nyingi nyumba hiyo ilikuwa njiani kuelekea senta ya kijiji, ya mwenye duka, fundi, mtumishi, au mkulima mwenye uwezo wa kuajiri vibarua wa tumbaku na kuwaacha watoto wake waende shule.

Matokeo na jedwali. Fomu ziliingizwa kwenye kompyuta kwa wiki mbili. Picha ya jumla ilikuwa mbaya: sehemu kubwa ya watoto wa darasa la nne na la tano hawakufikia hadithi ya darasa la pili. Baadhi ya watoto walisoma aya yote bila kukwama, kisha wakakaa kimya kwenye maswali mawili ya uelewa. Hapo shirika lingeweza kuishia. Lakini rasimu ya ripoti ikaongezwa jedwali la shule 12, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa asilimia ya watoto waliosoma hadithi. Aliyeliongeza alikuwa na sababu: wananchi hawasomi wastani wa kata tatu, wanataka kujua shule yao. Nakala zikapelekwa kwenye ofisi ya elimu ya halmashauri na kwa madiwani kabla ya walimu wakuu kuziona.

Kikao cha mrejesho. Kilifanyika Mei, kwenye darasa la shule mojawapo, wakiwepo maafisa elimu kata watatu, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na watendaji. Mwalimu mkuu wa shule ya kumi na mbili alikuwa tayari ameitwa halmashauri kujieleza. Kikao kilianza kwa hasira, lakini baada ya saa moja walimu walikuwa wametoa pingamizi tatu zenye uzito. Ya kwanza, baadhi ya watoto waliopimwa kijijini kwao wanasoma shule ya kijiji jirani, ambako ni karibu zaidi, na wamehesabiwa shule isiyo yao. Ya pili, watoto waliosoma "langi" palipoandikwa "rangi" wamewekewa alama ya kosa. Ya tatu, nani alihakiki wapimaji?

Shirika lilikuwa na jibu kwa la tatu, lakini dhaifu: wasimamizi walipaswa kurudi kwenye kaya mbili kati ya 20 za kila kijiji, na walirudi katika vijiji saba tu. Pikipiki iliharibika, mvua ikanyesha.

## Uamuzi wa kurudia

Ndani ya shirika kulikuwa na mvutano. Upande mmoja uliona kwamba kurudia kupima kwa shinikizo la walimu wakuu ni kuukabidhi uhuru wa tathmini. Upande wa pili ulisema pingamizi la "langi" linaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa siku chache, na kulikwepa kungeifanya ripoti nzima isemwe kuwa uzushi. Jambo la sheria lilizungumzwa pia. Mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalizuia kusambaza takwimu za kupotosha au kupinga takwimu rasmi, na mabadiliko ya 2019 yakaondoa adhabu ya jinai kwa jambo hilo. Hofu ilikuwa imepungua, lakini kumbukumbu yake ilibaki, na baadhi ya wajumbe walitaka ripoti ifichwe tu kabatini.

Upande wa pili ulishinda, kwa masharti yaliyoandikwa na kusainiwa na pande zote kabla ya mtu yeyote kwenda uwanjani:

- Vijiji vinne kati ya 12 vichaguliwe kwa kura mbele ya kikao, kile kijiji cha shule ya mwisho kisiongezwe kwa upendeleo wala kuondolewa.
- Upimaji ufanyike Julai, baada ya likizo ya Juni, tumbaku ikiwa imeshapelekwa sokoni.
- Wapimwe watoto wale wale wa Machi, pamoja na watoto wa kaya zilizokutwa zimefungwa. Kila kaya itembelewe hadi mara tatu, moja kati ya hizo iwe jioni.
- Kila mtoto asikilizwe na watu wawili: mpimaji wa shirika na mwalimu kutoka kata nyingine. Wote wajaze fomu, kila mmoja yake, bila kusemezana wala kuoneana, na fomu ziwekwe kwenye bahasha mbili tofauti papo hapo.
- Itumike hadithi nyingine ya ugumu ule ule, kwa sababu ya Machi ilikuwa imeshanakiliwa na kusomwa madarasani.
- Matokeo yatangazwe vyovyote yatakavyokuwa.

Sharti la mwisho ndilo lililobishaniwa muda mrefu kuliko yote, na kila upande ulikuwa na sababu yake ya kuliogopa.

## Kilichoonekana Julai

Wasikilizaji wawili walikubaliana kwa watoto wengi mno. Walipotofautiana, mara nyingi ilikuwa kati ya aya na hadithi, mahali ambapo mtiririko hupimwa kwa sikio. Mwalimu wa kata nyingine hakuwa mpole kuliko kijana wa shirika. Katika kijiji kimoja alikuwa mkali zaidi.

Suala la "langi" lilithibitika, lakini si kila mahali. Mafunzo hayakuligusa. Wapimaji wa kutoka kata hizo walilipuuza wenyewe kwa sababu wao pia husema hivyo. Jozi tatu za kutoka mjini zilikuwa zimeliweka kama kosa, na moja kati yake ndiyo iliyopima kijiji cha shule ya mwisho. Fomu za Machi zilipopitiwa upya zilionyesha hivyo kwa uwazi, kwa kuwa wapimaji walikuwa wameagizwa kupiga mstari chini ya kila neno lililokosewa. Agizo hilo dogo liliokoa kazi nzima. Bila mistari hiyo, kusingekuwa na njia ya kutenganisha mtoto aliyeshindwa kusoma na mtoto aliyesoma kwa lafudhi ya kwao.

Kisha kulikuwa na jambo ambalo halikutajwa na walimu wala na shirika. Watoto wa kaya zilizokuwa zimefungwa Machi walikuwa nyuma kwa dhahiri kuliko watoto wa kaya za jirani zilizochukua nafasi yao. Maana yake, katika vijiji hivyo vinne ripoti ya kwanza ilikuwa imeisifu hali kuliko ilivyo. Kosa la lafudhi lilishusha matokeo, kosa la jirani likayapandisha, na kwenye jumla yalifutana kiasi cha mtu kudhani kila kitu kilikwenda sawa.

Picha kuu haikubadilika. Kwa kipimo cha Julai pia, watoto wengi wa madarasa ya kati walikuwa bado hawajafika kwenye hadithi ya darasa la pili. Kilichobadilika ni mpangilio wa shule. Katika vijiji vinne vilivyorudiwa, ile ya mwisho iliipita moja na kukaribiana na nyingine.

## Matokeo ya kisa

Shirika lilitoa toleo la pili la ripoti. Jedwali la shule liliondolewa, na ukurasa wa kwanza ukaeleza kilichobadilishwa, kwa nini, na fomu ngapi ziliguswa. Shule mbili zilianza kuwapanga watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa ngazi zao za kusoma kwa saa moja kwa siku, badala ya darasa wanalokaa. Kata moja haikufanya lolote. Mwalimu mkuu wa shule ya mwisho alibaki na barua ya kujieleza kwenye faili lake. Toleo la pili lilifika halmashauri, lakini hakuna aliyemwandikia kufuta la kwanza.

## Uchambuzi

### Jedwali lingekuwa kosa hata kama upimaji ungekuwa safi

Hili ndilo tunaloliona kuwa kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalorudiwa mara nyingi zaidi. Kaya 20 kwa kijiji hutoa watoto wapatao 30 hadi 35. Tuseme watoto 30, na nusu yao wamesoma hadithi. Kwa hesabu ya kawaida ya sampuli, kiwango halisi cha kijiji kizima kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 32 na 68. Ni pengo la pointi 18 kila upande, na hapo tunadhani sampuli ilichukuliwa bila doa. Shule ya nne na ya kumi zilitofautiana kwa pointi chache kuliko hizo. Kuzipanga kwa namba ni kutangaza matokeo ya bahati nasibu.

Kwa kata zote tatu hali ni tofauti. Watoto 400 wangetoa pengo la pointi 5 hivi kama wangechaguliwa mmoja mmoja. Kwa kuwa wamechukuliwa kwa mafungu ya vijiji, na watoto wa kijiji kimoja hufanana, pengo hukua. Ukichukulia kwamba kufanana huko kunaongeza utofauti wa kitakwimu (variance, inayokua kwa mraba wa pengo) mara mbili na nusu, pengo lenyewe hukua mara 1.6 hivi na unapata pointi 8 kila upande. Hicho ni kipimo kinachoweza kutumika. Sampuli ile ile ilifaa kusema juu ya kata tatu na haikufaa kusema juu ya shule moja. Mfadhili, diwani na mzazi wataomba jedwali, kila mmoja kwa nia njema, na anayeandaa ripoti lazima awe na jibu kabla hawajaomba.

Anayetaka kweli kusema juu ya shule moja ana njia: apime karibu watoto wote wa darasa moja au mawili, siku mbili tofauti, akiwafuata wasiokuwepo. Kazi hiyo ni nyingine na gharama yake ni nyingine.

Pingamizi la kwanza la walimu linaingia hapa. Kijiji si shule. Fomu iliuliza "anasoma?" na "darasa la ngapi?" lakini haikuuliza "shule gani?" Swali moja lililokosekana liliwahesabia watoto wa mpakani shule isiyo yao.

### Kanuni ya jirani

Kubadilisha kaya ndiko mahali ambapo upimaji wa nyumbani huharibika kimyakimya, kwa sababu idadi hutimia. Fomu 240 zilitarajiwa, zikarudi 240, na hakuna aliyeuliza. Kaya isiyopatikana haikosekani kwa bahati. Imekosekana kwa sababu ile ile inayomkosesha mtoto masomo. Ukiiondoa, umeondoa jibu la swali lako.

Kanuni tunayoiona kuwa bora ni kutobadilisha kabisa. Andika "imefungwa", andika sababu kwa maelezo ya jirani au mwenyekiti wa kitongoji, rudi mara mbili zaidi, na kama bado haipatikani iache wazi na uitangaze kwenye ripoti. Anayeogopa sampuli kupungua aongeze kaya tangu mwanzo: 25 badala ya 20, zote kwa bahati nasibu, zote zikitafutwa kwa juhudi sawa. Kaya za akiba zinazofunguliwa nyingine zikikosekana hurudisha tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma.

Na tarehe. Katika wilaya za tumbaku Februari hadi Aprili haifai kwa upimaji wa nyumbani, na Novemba na Desemba ni za kupanda. Julai na Agosti watu wako nyumbani. Mkataba wa mfadhili unaweza kuandikwa upya kwa barua ya ukurasa mmoja. Katika kisa hiki hakuna aliyejaribu kuuliza.

### Lafudhi na alama

Kisukuma hakitofautishi "l" na "r" kama Kiswahili kinavyofanya, na hata msemaji mzuri wa Kiswahili wa maeneo haya anaweza kusema "balabala" na kuiandika "barabara". Kanuni ya kufundisha wapimaji ni fupi: lafudhi si kosa la kusoma. Lakini kanuni peke yake haitoshi, kwa sababu kuna maneno ambayo mpimaji hawezi kujua. Mtoto akisema "kula" palipoandikwa "kura", amesoma kwa lafudhi au amekisia? Dawa yake iko kwenye zana. Orodha ya maneno isiwe na jozi za namna hiyo, na kila neno lipitishwe kwa wasemaji wa lugha ya mahali kabla ya kuchapwa. Siku ya majaribio ndiyo ya kugundua hili, na wasimamizi wanatakiwa wakae na jozi za wapimaji wakimsikiliza mtoto mmoja wote pamoja na kulinganisha alama. Kwenye kisa hiki siku hiyo ilitumika zaidi kufundisha kujaza fomu.

### Uhuru ulikuwa wapi

Walioogopa kurudia walikuwa na picha moja ya uhuru: kutoguswa. Lakini katika kazi ya Machi, ambayo serikali haikuigusa zaidi ya kutoa kibali, tarehe iliamuliwa na mfadhili, kaya zikaamuliwa na uchovu wa mpimaji, na alama zikaamuliwa na sikio la mtu wa mjini. Julai, mwalimu wa serikali akiwa amekaa kwenye mkeka ule ule, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoachwa bila kanuni. Masharti yaliyosainiwa kabla, kura ya wazi, bahasha mbili na ahadi ya kutangaza vililinda tathmini kuliko umbali ulivyoilinda.

Mipaka ya zoezi la Julai lazima itajwe. Miezi minne ilikuwa imepita, watoto wanakua na kujifunza, na vijiji vinne ni vichache. Ulinganisho wa Machi na Julai hauwezi kutumika kupima maendeleo ya mtoto yeyote. Ulitumika kuhakiki wapimaji na sampuli, na kwa hilo ulitosha.

Kuhusu mwalimu mkuu aliyeitwa kujieleza: mpangilio wa kikao ulikuwa kinyume. Walimu wakuu walipaswa kuiona rasimu kwanza, wapewe siku 14 za kuandika pingamizi, na pingamizi lenye ushahidi lishughulikiwe kabla nakala haijaenda juu. Hilo haliwapi kura ya turufu. Linawapa nafasi ya kusema "mtoto huyu si wa shule yangu" wakati bado karatasi haijaharibu mtu.

### Yaliyofanya kazi

Mistari chini ya maneno yaliyokosewa, kama ilivyosemwa. Namba badala ya majina, ambazo ziliwezesha kuwapata watoto wale wale Julai bila daftari la majina kuzunguka ovyo. Kuokota namba ya kuanzia mbele ya mtendaji, jambo lililonyamazisha mapema swali la "mmechagua wapi?" Na zana yenyewe: mzazi asiyejua kusoma alimsikiliza mwanawe akikwama kwenye aya na kuelewa bila kufafanuliwa. Katika nyumba kadhaa ilibidi mpimaji amtoe mtoto pembeni, kwa sababu mzazi alianza kumgombeza katikati ya neno. Mwongozo wa Julai uliagiza upimaji ufanyike mahali pa wazi, mzazi akionekana lakini asisikie, na mtoto aliyekwama aanzishwe tena kwenye ngazi anayoiweza ili amalize akiwa amesoma kitu.

### Lililobaki bila jibu

Mwongozo wa awamu iliyofuata una tarehe ya Julai, kaya 25 bila akiba, swali la "shule gani", na hauna jedwali la shule. Haujatatua suala la kambi za tumbaku. Kuna familia za vibarua wanaohamahama, wanaoishi kwenye mashamba ya wengine kwa msimu mzima na hawamo kwenye orodha ya mwenyekiti wa kitongoji chochote. Julai wengine wao wameshaondoka wilayani. Kuwapima kunahitaji kwenda Machi, mabanini, kwa sampuli ya mashamba badala ya kaya, na kwa idhini ya mwajiri ambaye huenda asipende kuulizwa watoto wangapi wako shambani kwake siku ya shule. Pendekezo lililopo mezani ni kuomba orodha ya wakulima kwa AMCOS na kuchagua mashamba humo. Vyama viwili kati ya vitatu vimekubali kutoa orodha hiyo.